Magari yamelala, riba iko macho

UGHAIBUNI
Na Zuhura Mbwana

Upepo ulipoanza kuvuma kutoka Ziwa Erie tarehe 23 Desemba 2022, rafiki yangu mwenye yadi ya magari hapa Buffalo, Marekani, alikuwa ameshajiandaa. Magunia ya chumvi yalikuwa mlangoni, betri zimechajiwa, na mafagio ya sponji yasiyokwaruza rangi yako tayari. Magari alikuwa ameyaachanisha ili greda lipate pa kupita. Kwa upande wa theluji nilimpa alama zote. Simu aliyosahau kupiga ni kwa mkopeshaji wake.

Dhoruba ile iliua watu zaidi ya 40 katika eneo letu. Theluji iliyopimwa uwanja wa ndege ilizidi sentimita 130, na kuendesha gari kulipigwa marufuku kwa siku kadhaa. Mbele ya misiba hiyo, kumlilia mwenye yadi ni kama kukosa adabu, nakubali. Lakini wapo wenzetu huku wanaoitamani biashara hii, na sijaona anayewaeleza upande wake wa madeni.

Msomaji wa Dar au Mombasa akiona picha ya yadi ya Marekani iliyojaa magari, hudhani mwenyewe ni tajiri. Aghalabu magari yale ni ya mkopo. Benki, au kampuni ya fedha ya kiwanda, humlipia muuzaji gari linapoingia yadini na mara nyingi hubaki na kadi yake. Gari likiuzwa, deni lake lilipwe ndani ya siku chache. Lisipouzwa, riba inahesabiwa kila siku, na likikaa miezi kadhaa muuzaji hutakiwa kuanza kupunguza deni lenyewe kwa fedha zake.

Sasa piga hesabu. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ya mabenki ya Marekani ilikuwa asilimia 3.25. Tarehe 14 Desemba, siku tisa kabla ya dhoruba, Benki Kuu ilipandisha tena viwango vyake, na riba ya msingi ikafika asilimia 7.5. Mwenye deni la dola milioni 2 alikuwa akidaiwa riba ya dola 178 kwa siku; ikawa dola 411, hata kabla mkopeshaji hajaweka nyongeza yake. Na wiki iliyofungwa ilikuwa ile ya mwisho wa mwaka, ambayo wauzaji wa magari huisubiri kwa hamu.

Barabara zilipofunguliwa, mkaguzi wa mkopeshaji alikuja kuhesabu mali. Rafiki yangu alitangulia mbele yake gari kwa gari, akikwangua barafu kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele ili namba ya chesisi isomeke. Magari mawili hayakuonekana. Yalikuwa yameuzwa tarehe 22, na hundi ya kulipia deni lake ilikuwa bado mezani kwa sababu hakuna aliyeweza kutoka nyumbani. Yeye aliona ni ucheleweshaji. Kwa mkopeshaji, kuuza dhamana bila kulipa ni kosa kubwa kuliko yote, na mkataba unaweza kuvunjwa kwa hilo tu. Ilimchukua wiki nzima ya maelezo hadi wakaelewana.

Bima nayo? Aliisoma baada ya tukio, kama wengi wetu. Ilihusu magari kuharibika, na magari yake yalikuwa mazima. Bima nyingi za kufidia biashara iliyosimama hudai kwanza mali iwe imeharibika. Mteja kushindwa kufika yadini hakuhesabiki.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya kipupwe kwa mwenye yadi yaanzie kwenye mkataba. Muulize mkopeshaji siku za marufuku ya barabara zinahesabiwaje katika muda wa kulipia gari lililouzwa, na jibu ulipate kwa maandishi. Magari yaliyokaa muda mrefu uyatoe kabla ya Novemba, hata kwa faida ndogo, na riba ya mwezi mmoja iwe imetengwa mahali usipoigusa. Mkopeshaji anayekataa kuzungumza Oktoba hatakuwa mpole Desemba. Huyo mhame mapema.

Kama una yadi, au unakaribia kusaini mkopo wa kuifungua, piga simu hiyo wiki hii. Chumvi utanunua baadaye.