Desibeli hazihesabiwi kama shilingi

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, Kigamboni, Dar es Salaam, si ya kusubiri pantoni tu. Nyumba zimejaa, na baa zimewafuata wateja. Mkazi akilalamikia muziki wa usiku, mwenye baa hujibu kwamba ameshapunguza sauti. Mara nyingi anasema kweli, lakini jirani bado halali.

Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), hupima kelele kwa desibeli, na kipimo hicho huenda kwa kuzidisha. Nguvu ya sauti ikiongezeka mara 10, kipimo hupanda desibeli 10. Ikiongezeka mara 100, hupanda 20. Ikiongezeka mara mbili? Logi ya 2 ni 0.3, zidisha kwa 10, unapata desibeli 3 tu.

Tuseme baa ina spika nane zinazofanana, na kipimo kinasoma desibeli 85. Zikizimwa nne, kinashuka hadi 82, na mtaa hauoni nafuu ya maana. Ili sikio lihisi sauti imepungua nusu, zinahitajika zipungue desibeli kama 10, yaani kuondoa sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ile.

Umbali nao una hesabu yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, zinapungua desibeli 6: 85 kwenye mita 10 zinakuwa 67 kwenye mita 80. Hizo bado ni nyingi: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Ulaya, mwaka 2009, wastani usiozidi desibeli 40 nje ya nyumba usiku.

Kwa hiyo kipimo kichukuliwe dirishani kwa mkazi, baa zote za jirani zikiwa zinapiga, kwa sababu mbili za 80 kila moja huleta 83. Adhabu nayo ipande kwa ngazi. Aliyezidisha desibeli 5 amevuka kikomo kwa nguvu mara tatu hivi. Aliyezidisha 15, zaidi ya mara thelathini. Kuwatoza sawa ni dhuluma.

Wahudumu wa baa nao wasisahaulike. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 90 isisikilizwe zaidi ya saa nne kwa wiki. Mhudumu anayeingia kazini saa mbili usiku hufikia kikomo hicho saa sita usiku uleule. Mkaguzi aingie na kipimo chake hadi kaunta.