Kipindi kizuri, mdhamini hakuna: kisa cha Nat King Cole

Kipindi kikipotea hewani, wengi hudhani kimekosa wasikilizaji, au mtangazaji amegombana na wakubwa wake. Mara nyingi jibu liko kwenye pesa: nani analipia dakika zile, na anaogopa nini. Tunalieleza jambo hili kwa kisa cha Marekani cha miaka karibu 70 iliyopita, maana kinatuhusu hata sisi wa Mwanga, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Nat King Cole alikuwa nani?

Alikuwa mwimbaji na mpiga piano mweusi, mzaliwa wa jimbo la Alabama mwaka 1919. Kufikia 1956 alikuwa mkongwe wa karibu miaka 20 kwenye muziki, na santuri zake zilinunuliwa na weusi kwa weupe. Miaka ya 1940 alikuwa na kipindi cha redio kilichodhaminiwa na watengenezaji wa mafuta ya nywele ya Wildroot. Redioni, ambako sura haionekani, mdhamini alipatikana.

Tarehe 5 Novemba 1956 alianza kipindi chake cha televisheni NBC. Hiyo NBC ni shirika la utangazaji la Marekani, tusichanganye na benki yetu. Kilikuwa kipindi cha burudani mchanganyiko: mwenyeji anaimba, anakaribisha wageni, kisha wanaimba pamoja. Kilianza na dakika 15, na Julai 1957 kikaongezwa hadi nusu saa.

Kilikwama wapi?

Televisheni ya Marekani iliishi kwa matangazo. Kipindi kama hicho kilihitaji kampuni kubwa ya kukilipia nchi nzima. Kwa Cole haikujitokeza hata moja. Majimbo ya kusini yalikuwa bado yanawatenga weusi kisheria, na Aprili 1956 Cole mwenyewe alivamiwa na wazungu akiwa jukwaani Birmingham, Alabama. Kampuni ziliogopa kwamba wateja weupe wa kusini wangesusia bidhaa zao.

Wasanii wenzake walimshika mkono. Ella Fitzgerald, Harry Belafonte na Peggy Lee walikuja kuimba kwa malipo madogo. Wadhamini wa baadhi ya miji walichangia, na NBC ikabeba hasara. Ilipotaka kukihamishia saa nyingine, Cole akakataa na kuamua kukifunga. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 17 Desemba 1957, baada ya miezi 13 tu. Lawama alizielekeza kwa watangaza biashara, wala si kwa NBC.

Mwaka 1970, NBC hiyohiyo ilianza kipindi cha mchekeshaji mweusi Flip Wilson, kikawa kati ya vilivyotazamwa zaidi nchini humo. Watazamaji walikuwepo. Uoga ulikuwa kwa wenye mifuko.

Kwetu inakuwaje?

Hapa nchini, vipindi vingi vya burudani hutegemea kampuni za simu, vinywaji na michezo ya kubahatisha. Kampuni huangalia mteja mwenye pesa, na mara nyingi humtafuta mjini. Kipindi cha bei ya dagaa au cha nyimbo za Kiha kinaweza kupendwa Kalya hadi Kagunga na bado kikakosa mlipaji.

Wapo wanaosema dawa ni msanii kumiliki kituo. Diamond Platnumz, mwenye asili ya Kigoma, alianzisha Wasafi TV mwaka 2018. Lakini hata kituo cha msanii kinahitaji matangazo.

Tunaona njia nyingine kwa vipindi vidogo. Wadhamini wadogo wa Cole hawakutosha kwa sababu kipindi cha nchi nzima kilikuwa na gharama kubwa. Kipindi cha redio ya mkoa ni nafuu zaidi. Duka la nyavu, wenye maboti na chama cha ushirika, kila mmoja akitoa kidogo, wanaweza kukibeba. Na mmoja akijitoa, kipindi hakifi.

Kwa hiyo ukipenda kipindi, msikilizaji wetu, usiishie kutuma salamu. Uliza nani anakilipia, na kama ni mmoja tu, anza kutafuta wa pili.