Kiwanja cha Ndege si Lami Peke Yake

Ndugu zangu mlioko nyumbani, na wabeba maboksi wenzangu mlioko ughaibuni,

Kiwanja cha ndege kinapozinduliwa mkoani huwa tunapiga makofi, na tuna haki. Mtu wa Bukoba, Songea au Mpanda anayepanda ndege kwenda Dar anaokoa saa nyingi za basi. Lakini sikilizeni hotuba za uzinduzi: urefu wa lami, ukubwa wa jengo la abiria, mabilioni yaliyotumika. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: ndege ikianguka hapa, nani atakuwa wa kwanza kumfikia abiria, na atamfikia baada ya dakika ngapi?

Swali hilo lilijibiwa Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba wakati hali ya hewa ni mbaya. Watu 24 walinusurika na 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alieleza kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Dunia nzima iliona picha za wananchi wakiivuta ndege kwa kamba. Kijana yule alipewa shilingi milioni 1 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Lakini taifa linalomshangilia mvuvi mwenye kasia lazima lijiulize pia kwa nini kasia ndilo lililotangulia.

Najua jibu la haraka: "Ajali haina kinga." Mimi ni muuguzi, na msemo huu naujibu hivi. Ajali inaweza kukosa kinga, lakini kifo kinachofuata baada ya ajali mara nyingi kina kinga. Ubongo ukikosa hewa, uhai hupimwa kwa dakika, wala hauangalii kama uko London au Kagera. Ndiyo maana kila wodi ina toroli la dharura. Linaweza kukaa miezi bila kuguswa, na bado tunalikagua kila siku na kutia sahihi. Hakuna mkuu wa hospitali mwenye akili timamu atakayeliondoa eti kwa sababu wodi hii haina wagonjwa wengi.

Hapa ndipo mjadala wetu unapopotea, maana tunachanganya mambo mawili. Mnara wa kuongozea ndege na kikosi cha zimamoto ni huduma mbili, na kila moja ina kipimo chake.

Mnara unategemea mazingira. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linataka nchi ziangalie aina ya ndege zinazotua, wingi wake na hali ya hewa ya eneo. Kiwanja chenye ndege mbili kwa siku kinaweza kuhudumiwa na ofisa wa redio anayempa rubani taarifa za upepo na za ndege nyingine, huku uamuzi wa kutua ukibaki kwa rubani. Hapa Scotland ninakoishi, kisiwa cha Barra kina kiwanja ambacho ndege zake hutua mchangani maji yakipwa, na huduma yake ni ya namna hiyo. Lakini zimamoto wapo.

Zimamoto wapo kwa sababu kipimo chao ni tofauti. Daraja la huduma hiyo hupangwa kwa urefu na upana wa ndege kubwa inayotumia kiwanja. ATR 42, yenye urefu wa takriban mita 22.7, iko daraja la 4. Ndugu yake ATR 72 iko daraja la 5. Ndege hizo zikiwa chache, kanuni inaruhusu kushuka daraja moja, lakini hairuhusu kushuka hadi sifuri. Na kikosi kinatakiwa kufika popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika zisizozidi 3, ikishauriwa ziwe 2.

Kanuni hizo hizo zinasema kwamba kiwanja kilicho karibu na maji, ambako ndege nyingi hupita juu ya maji zikitua au kuruka, lazima kiwe na uokoaji maalumu unaolingana na hatari hiyo. Gari la zimamoto haliogelei! Bukoba, Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe, vyote viko kando ya ziwa moja.

Tutaambiwa hakuna fedha. Naomba nieleweke: sidai kila mkoa ujengewe mnara kama wa Dar. Lakini boti ya uokoaji na wapiga mbizi wa Bukoba hawangesubiri ndege tu. Ziwa hili lilimeza MV Bukoba mwaka 1996, na MV Nyerere mwaka 2018 ikiwa na watu zaidi ya 220 waliopoteza maisha. Kikosi kimoja kingemfaa abiria wa ndege, wa meli, na mvuvi mwenyewe.

Kwa hiyo hoja zangu ni tatu:

1. Ndege ya ratiba isianze kutua kiwanja chochote kabla zimamoto wa daraja lake hawajawepo, na kama ni kando ya maji, kabla boti haijawepo na mafuta yake.

2. Daraja la kila kiwanja litangazwe kwa wananchi. Gari likiharibika, ndege ya ukubwa huo isitue hadi lipone.

3. Mazoezi ya uokoaji yafanyike pamoja na wavuvi na hospitali ya mkoa, maana ndio watakaoitwa.

Wabunge wetu wakisimama kuomba kiwanja, waombe na hivi. Na sisi tunaopanda ndege hizo kila Desemba kwenda kuwaona wazazi, tuulize kabla ya kukata tiketi.

Naomba kuwasilisha.