Walimu, wapitisheni wanafunzi kwa Profesa Mazrui

Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, huku kwetu Magogoni, Kisauni, hukosi kusikia barazani kwamba mtoto wa fulani "amekwisha." Mimi huwajibu kwa kumtaja marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933.

Mazrui alipata daraja la tatu kidato cha nne, na Chuo cha Makerere, Uganda, kikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya ufundi ya Waislamu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi, gavana wa kikoloni akiwepo, ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Akapita Manchester, Columbia na Oxford, kisha Makerere ile ile ikampa uprofesa! Alihojiana hadharani na mwanahistoria Walter Rodney bila kutukanana, jambo ambalo wanasiasa wetu bado hawajalijua. Enzi za Idi Amin zikamtoa Uganda, akaendelea kufundisha Marekani.

Alifariki huko tarehe 12 Oktoba 2014, naye alikuwa ameusia azikwe kwao. Amelala katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Fort Jesus. Mabasi ya shule hujaa kwenye ngome hiyo, watoto wakaonyeshwa mizinga ya Wareno, wakanunuliwa mabuyu, wakarudi.

Walimu, tafadhalini, mkimaliza ngomeni wavusheni watoto barabara, muwaambie nani kazikwa pale na alifeli nini.

Msomaji wako,
Magogoni, Mombasa