Dereva naye ni mtu

Jamaa, tuambiane ukweli. Mwezi uliopita nilisindikiza mgonjwa kutoka Koboko mpaka Kampala kwa basi la usiku. Ni zaidi ya kilomita 500: Arua, Nebbi, daraja la Nile pale Pakwach, Karuma, na mbele bado. Dereva alikuwa mmoja tu. Aliposimama Karuma anawe uso, abiria tukaanza kelele: "Mzee, twende! Kanyaga mafuta!" Hata mimi nilipiga kelele. Kisha nikaona macho yake kwenye kioo, mekundu kabisa. Sikulala tena.

Kule Ulaya, sheria ya mwaka 2006 inasema dereva wa basi akishaendesha masaa manne na nusu, lazima apumzike dakika 45. Kwa siku mwisho ni masaa 9, na mara mbili tu kwa wiki anaruhusiwa kufika 10. Ndani ya gari kuna kifaa kinachoandika yote, na polisi wanakisoma. Si kwamba madereva wao ni wadhaifu kuliko wetu. Usingizi hauulizi mtu kitambulisho.

Ndugu zangu, tusingoje sheria. Dereva akisimama, tunyamaze, tushuke tukanywe chai. Na nyinyi wa mashirika, mkimkatia mgonjwa tikiti, ulizeni kwanza: madereva ni wangapi? Kama ni mmoja, mpeni basi la mchana. Mgonjwa wangu alitaka kufika haraka, ndiyo. Lakini kwanza alitaka kufika.