Taa haisukumi maji: nani anapima pampu za vinu vya nyuklia?

Wandugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliohama vijiji vyenu, leo tunasema juu ya pampu. Si pampu ya kisima. Ni pampu zinazopoza vinu vya nyuklia, na hasa watu wanaolipwa na serikali kusudi wazipime. Najua wengine watauliza: hayo yanatuhusu nini sisi tunaotafuta unga na turubai? Yanatuhusu kwa sababu pampu hizo zikikataa kufanya kazi, wa kwanza kulipa si mkubwa wa kampuni wala waziri. Ni mkaaji wa kawaida, anayeambiwa abebe mtoto na atoke nyumbani bila kujua atarudi lini.

Kwanza tuelewane namna mambo yanavyokwenda. Jiko la makaa ukilimwagia maji limekwisha. Kinu cha nyuklia si hivyo. Hata kikizimwa, dakika ileile bado kinatoa karibu asilimia 6 au 7 ya nguvu yake kwa njia ya joto, na joto hilo linaendelea siku nyingi, likipungua pole pole. Lazima maji yapite ndani yake wakati wote. Ndiyo maana kila kituo kina pampu za kazi ya kila siku, na kina pampu za dharura zinazokaa kimya zikingojea siku mbaya. Pampu ya namna hiyo ina ubaya mmoja: ikifa, haikuambii. Utajua ukiipima, ao utajua siku mbaya ikifika.

Sasa tuende Japani. Mwaka 1992, kwenye kituo cha Kashiwazaki-Kariwa cha kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, pampu moja ya kuondoa joto kwenye kinu namba 1 iliharibika wakati wa ukaguzi wa serikali. Kampuni haikusema. Watu wake walipanga mambo kusudi ubao wa chumba cha uendeshaji uonyeshe kwamba pampu imewaka. Mkaguzi akaona alama kwenye ubao, ukaguzi ukapita. Ukweli huo ulitoka mwaka 2007, miaka 15 baadaye, wakati kampuni yenyewe ilipoueleza.

Watu wengi wakisikia habari hii wanalaumu wafanyakazi waliodanganya. Ni haki yao. Lakini mimi lawama yangu kubwa naiweka kwa ofisi iliyomtuma mkaguzi. Mkaguzi gani huyo anayepima pampu kwa kuangalia taa? Taa haisukumi maji. Kama angeshuka kule pampu iliko, akasikia mlio wake, akaweka mkono, akasoma kipimo cha maji yanayopita, uongo ule ungekufa siku ileile. Ukaguzi unaoonyeshwa tu kile mwenye mashini anachotaka kuonyesha si ukaguzi. Ni matembezi.

Na ofisi hiyo ilikuwa na onyo mkononi. Mwaka 2000, mtu mmoja aliyefanya kazi ya ukaguzi kwenye vinu vya TEPCO aliandikia serikali kwamba makaratasi ya ukaguzi yamebadilishwa. Serikali ilifanya nini? Ilichukua karibu miaka miwili, na habari za kumtambulisha mtu huyo zikafika kwa kampuni ileile aliyoishitaki. Mwaka 2002 mambo yakatoka wazi, wakubwa wa TEPCO wakajiuzulu, na kufikia mwezi wa nne 2003 vinu vyake vyote 17 vilikuwa vimesimama ili vikaguliwe. Fikiria: unamwendea chefu kushitaki mwizi, chefu anampa mwizi jina lako. Nani atasema tena?

Juu ya nini ofisi ilifanya vile? Jibu liko kwenye muundo wake. Tangu 2001 ofisi ya usalama wa nyuklia ya Japani ilikaa ndani ya wizara ya uchumi na viwanda, wizara ileile yenye kazi ya kuendeleza umeme wa nyuklia. Yaani mlinzi na mfanyabiashara walikula sahani moja. Mtu hawezi kuwa mwamuzi wa mechi na huku anavaa jezi ya timu moja.

Matokeo tunayajua. Mwaka 2008 hesabu za TEPCO yenyewe zilionyesha kwamba mawimbi ya bahari yanaweza kufika kiasi cha metre 15.7 pale Fukushima Daiichi. Ukuta haukuongezwa. Hesabu hizo ziliwekwa mezani kwa ofisi ya usalama tarehe 7 Machi 2011. Siku nne baadaye, tarehe 11, tetemeko likapiga, mawimbi yakaja. Pampu za maji ya bahari zilizokaa kando ya pwani ziliharibika, jenereta za dharura zikaingiwa na maji, na vinu vitatu vikayeyuka ndani.

Nisieleweke vibaya. Pampu ya 1992 haikuleta mawimbi ya 2011. Ni vituo viwili tofauti. Lakini kampuni ni moja, na mazoea ni yaleyale: karatasi ikiwa safi, kazi imekwisha. Angalia kinu namba 1 cha Fukushima. Kilikuwa na kifaa cha kupoza cha dharura kinachoweza kufanya kazi bila pampu. Umeme ulipokatika, taa za ubao zikafa, na wafanyakazi wa zamu hawakuweza kujua vizuri kama kifaa kinafanya kazi ao hapana. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuna kati yao aliyewahi kukiona kikifanya kazi kwa kweli. Miaka yote kilikuwa sawa kwenye karatasi. Usiku ule karatasi haikusaidia mtu.

Watu zaidi ya 150,000 walihama. Wandugu mliohama, sikieni vizuri hapa, maana mtajitambua. Wakaaji wa mji mdogo wa Futaba walipelekwa mbali, na ofisi ya mji wao ikahamia katika shule ya sekondari ya zamani mjini Kazo, upande wa Tokyo. Familia zililala ndani ya madarasa. Wa mwisho walitoka pale mwisho wa mwaka 2013. Ruhusa ya kurudi kuishi Futaba, tena kwenye sehemu tu ya mji, ilikuja Agosti 2022. Miaka 11! Japani ni inchi tajiri, yenye barabara, hospitali na fidia. Hata hivyo mtoto aliyetoka pale akiwa darasa la kwanza amekua mtu mzima kabla njia ya kurudi haijafunguliwa.

Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani ilisema wazi mwaka 2012: msiba ule ulitengenezwa na watu, na ofisi ya usalama ilikuwa imeshikwa na wale iliyopaswa kuwasimamia.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya Japani. Basi tuvuke bahari mpaka Marekani, kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi za usiku, pampu kubwa za maji zilisimama. Pampu tatu za dharura ziliwaka zenyewe, kama ilivyopangwa. Lakini maji hayakufika, kwa sababu valvu mbili, yaani milango ya mabomba, zilikuwa zimefungwa. Siku mbili mbele pampu hizo zilikuwa zimefanyiwa jaribio, na jaribio hilo lilitaka valvu zifungwe, kisha zifunguliwe tena. Ilichukua dakika 8 mpaka mtu aone kwamba zimefungwa. Si valvu hizo peke yake zilizoyeyusha kinu; kulikuwa na valvu nyingine iliyokwama wazi, na makosa ya kusoma vipimo. Lakini fundisho linabaki: pampu ilikuwa nzima, jaribio lilifanywa, na bado maji hayakupita. Siku zilizofuata, watu karibu 140,000 waliacha nyumba zao.

Kwa hiyo kupima ni nini? Kwa sheria za Marekani, pampu nyingi za dharura zinawashwa kila miezi mitatu. Wanapima maji yanayopita, nguvu ya msukumo na mtetemo, na wanalinganisha na vipimo vya zamani. Mara moja kwa miaka miwili pampu inapimwa kwa maji mengi, karibu na kazi yake ya kweli. Kwenye makaratasi ni vizuri. Lakini hata pale kuna mitego miwili ambayo msimamizi mvivu anaweza kuiacha ipite.

Mtego wa kwanza ni kuitayarisha pampu kabla ya mtihani. Leo fundi anaipaka mafuta, anatoa hewa ndani, anakaza hapa na pale. Kesho anaipima, inapita. Umepima nini hapo? Umepima pampu iliyohudumiwa jana, si pampu iliyokaa miezi mitatu kimya. Siku ya msiba hakuna fundi atakayekuja siku moja mbele. Wasimamizi wa Marekani wenyewe walilazimika kuonya vituo juu ya tabia hiyo mwaka 1997.

Mtego wa pili ni kuipima pampu kwa bomba dogo linalorudisha maji kidogo tu. Inazunguka, inalia, kila mtu anafurahi. Ni kama fundi wa garaji anayekuambia lori lako ni nzima kwa sababu injini inawaka pale uwanjani. Lipakie mzigo kwanza, ulipandishe Kabasha, ndipo tuongee.

Wenye vituo wana jibu lao. Wanasema kuwasha pampu mara nyingi kunaichokesha. Ni kweli, na hakuna anayeomba iwashwe kila siku. Tunaomba ikiwashwa iwe jaribio la kweli. Wanasema pia kwamba wao ndio wanaojua mashini kuliko mkaguzi wa serikali. Hiyo ndiyo sababu ya kumsomesha mkaguzi na kumlipa vizuri, si sababu ya kumfukuza. Na wanasema ukaguzi mkali unapandisha bei ya umeme. Waende Futaba, wahesabu bei ya ukaguzi mwepesi.

Tena dawa inajulikana. Marekani inaweka wakaguzi wanaokaa palepale kwenye kituo, wanaoweza kuingia chumba cha pampu bila kupiga hodi wiki moja mbele. Japani, mwaka 2012, ilitoa kazi ya usalama kwenye wizara ya uchumi na kuunda mamlaka mpya. Mamlaka hiyo, mwaka 2021, ilifunga mlango wa Kashiwazaki-Kariwa kwa sababu ya ulinzi mbovu wa kituo, na haikuufungua mpaka Desemba 2023. Msimamizi akiwa na meno, kampuni inasikia.

Sasa turudi kwetu. Kongo si mgeni katika mambo haya. Urani ya Shinkolobwe ilitoka katika udongo wetu na kwenda kwenye mabomu ya 1945. Kinu cha kwanza cha utafiti Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Leo Afrika ya Kusini ina Koeberg, Misri inajenga El Dabaa, Uganda imechagua Buyende kwa kituo chake, na Rwanda imetia sahihi mapatano ya nyuklia na Urusi. Majirani wana haki ya kutafuta umeme. Sisi wenyewe tunalala gizani. Lakini mawingu hayaombi visa mpakani, na sisi tuna haki ya kuuliza.

Tuulize maneno manne. Ofisi inayokagua iko chini ya wizara gani, na ni wizara hiyohiyo inayouza umeme? Mkaguzi anaingia siku anayotaka, ao siku anayoalikwa? Matokeo ya kila pampu yanawekwa wazi kwa wakaaji, ao yanafungwa kabatini? Na mfanyakazi akisema ukweli, jina lake litalindwa?

Kiongozi asiyeweza kujibu hayo manne asituonyeshe picha za kinu kipya na utepe wa kukata. Sisi tuliokwisha kuhama tunajua: anayetia sahihi karatasi ya uongo analala kwake, na anayebeba godoro kichwani ni mwingine.