Hesabu ya Sangara Haijakamilika

Kila mwaka, msimu wa bajeti ukifika, Bunge la Tanzania husomewa thamani ya samaki waliouzwa nje ya nchi. Takwimu ikipanda, meza hupigwa. Waliobaki Ziwa Victoria ni wangapi, hilo halipigiwi meza. Muuza duka anayemaliza mali yote rafuni bila kuagiza nyingine hawezi kujisifu kwa faida eti kwa sababu droo imejaa noti. Pato la Taifa hujisifu hivyo hivyo. Minofu ya sangara inayotoka Mwanza kwenda Ulaya huandikwa yote kuwa mapato, na samaki mzazi aliyevuliwa hakatwi popote. Simon Kuznets, mchumi aliyeasisi hesabu hizi Marekani, alitahadharisha mapema, mwaka 1934, kwamba ustawi wa taifa haupimwi kwa pato lake. Watafiti walipokata thamani ya mafuta, misitu na udongo uliopotea Indonesia kati ya 1971 na 1984, ukuaji wa asilimia 7 kwa mwaka ulishuka hadi 4.

Biashara ya kimataifa huzidisha upofu huo. Mnunuzi wa mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, aliye Hong Kong halioni Ziwa Victoria. Anaona bei, nayo kwa kilo huizidi ya minofu mara nyingi. Bondo kubwa hutoka kwa sangara mkubwa, ambaye mara nyingi ni jike mwenye mayai mengi. Samaki wakiadimika bei hupanda, na thamani ya mauzo ya nje inaweza kukua wakati ziwa linapungukiwa. Takwimu itakuwa imeusifu uhaba. Wakati huo huo wakazi wa mwaloni wanakula mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondoka.

Wapo watakaosema samaki si dhahabu, huzaliana. Kweli, na ndiyo maana hesabu inahitajika: kinachovuliwa ndani ya kiwango cha kuzaliana ni pato, kinachozidi hapo ni mtaji unaoliwa. Wengine watauliza fedha za kigeni na ajira za viwandani zitatoka wapi. Hoja hiyo ni nzito, lakini kiwanda kisicho na sangara hakiajiri mtu, na tatizo hapa si kuuza bali kuuza gizani. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba uhai wa ziwa hauna bei ya haki. Nakubali, kwa hiyo tusianze na shilingi, tuanze na tani. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za mazingira, uliopitishwa 2012, unaruhusu hivyo, na kanuni mpya za hesabu za taifa za 2025 zinautambua upungufu wa maliasili kuwa gharama ya uzalishaji. Ila gharama hiyo hukatwa kwenye pato halisi, lile linalobaki baada ya kutoa uchakavu wa mali, ambalo wanasiasa hawalitaji.

Wataalamu wa Tanzania, yenye asilimia 51 ya ziwa, pamoja na wenzao wa Uganda na Kenya, wamekuwa wakipima wingi wa sangara kwa vyombo vya mawimbi ya sauti tangu 1999. Data ipo, haijaingizwa tu kwenye hesabu ya pato. Waziri atakayesoma bajeti ijayo na aweke tani zilizobaki ziwani kando ya thamani ya zilizouzwa, katika ukurasa uleule.